Saa Moja Mbele

Jumatano ilikuwa siku ya msongamano pale mpakani, na dirisha namba tatu la ofisi ya forodha ndilo lililokuwa na foleni ndefu kuliko yote. Madereva wa malori walidai kwamba foleni ile haikuletwa na uchache wa madirisha, ililetwa na uzuri wa karani aliyekaa ndani. Karani mwenyewe hakuwa na habari nao. Alivaa shati la sare la samawati lililopigwa pasi likapigika, kalamu ameichomeka kwenye nywele, na kucha zake fupi alizipaka zambarau ili wino wa kazini usimuumbue. Mhuri aliugonga mara moja tu, kwa nguvu, bila kurudia. Ndiyo maana kila mtu, kuanzia wapagazi hadi mkuu wa kituo, alimwita Mhuri, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Jumatano moja, ilipotimia saa kumi na moja jioni, Mhuri alianza kushusha pazia la dirisha. Mbele yake alikuwa amebaki kijana mrefu mwenye shati la kaki na maranda ya mbao kichwani, ameshika fomu ya vitanda sita.

"Dada, mbona unafunga? Bado saa nzima."

"Saa nzima ya wapi?"

"Hii hapa." Akanyoosha mkono wenye saa kubwa ya kamba ya ngozi. "Saa kumi kamili."

"Hiyo ni saa kumi ya kwenu, kaka. Umeshavuka kizuizi, uko kwetu sasa. Kwetu ni saa kumi na moja, na saa kumi na moja tunafunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Nchi ya Mhuri ilikuwa ndani ya Umoja tangu zamani, na nchi zote za Umoja zilitumia saa zinazolingana. Nchi ya yule kijana, iliyoanzia hatua thelathini tu kutoka dirishani, ilikuwa bado nje, na saa zake zilikuwa nyuma kwa saa nzima. Watu wa upande huu waliwatania wa upande ule kuwa ni watu wa jana. Wa upande ule nao walijibu kwamba haraka ya wenzao haijawafikisha popote.

Kijana hakukasirika. Aliegemeza kiwiko kwenye kibao cha dirisha, akatabasamu. "Basi niambie jambo moja kabla hujashusha hilo pazia. Nikihamia saa zenu, nitakukuta?"

"Hamia kwanza, halafu tutaona," Mhuri akamjibu, akashusha pazia, na huku nyuma akacheka peke yake.

Kesho yake dirisha lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Nimeshahamia," alisema, akigusa kifundo cha mkono wake. Mhuri alikuwa ameinamia fomu akihesabu miguu ya vitanda, wala hakuinua macho. Alidhani ni maneno ya wanaume wa foleni, na maneno ya wanaume wa foleni alikuwa ameyasikia mpaka akayachoka.

Kijana alikuwa fundi wa vitanda. Alikuwa na karakana yake upande wa pili, na kila Jumatano alivusha vitanda kwa pikapu yake ya bluu kuwapelekea wateja wa upande huu. Kuvusha kulimpotezea saa mbili, wakati mwingine tatu: fomu ya mbao, fomu ya vanishi, fomu ya gari, kisha mhuri. Madereva wengine waliisonya foleni hiyo. Fundi aliipenda. Alikuwa akiwaachia watu wampite mpaka abaki wa mwisho, ili aongee.

"Vitanda vingapi leo?"

"Saba."

"Humu umeandika sita."

"Cha saba sikiuzi, mpenzi. Nimekiacha karakanani. Nakichonga pole pole."

"Cha nani hicho?"

"Cha mtu mmoja mkali, kucha zake za zambarau."

"Nenda zako huko, unachelewesha watu."

"Nyuma yangu hakuna mtu."

Mhuri alichungulia, kweli hakukuwa na mtu. Akagonga mhuri, lakini siku hiyo ulitua pembeni ya kisanduku chake, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Ndipo alipojua kwamba maji yameshamfika shingoni.

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Jumatano dirishani, na siku nyingine kwenye simu. Fundi alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe, kimefungwa kwa mpira wa manjano, ambacho saa yake ilirudi sifuri kila betri ilipochomoka, na betri ilichomoka kila siku. Lakini sauti yake ilipita humo vizuri sana. Alimwita laazizi, alimwita roho yangu, na alipotaka kumchokoza alimwita mheshimiwa karani. Na katika miezi yote hiyo hakuwahi kuchelewa miadi hata moja. Wavushaji wengine walijichanganya kila siku kwa kuongeza saa moja na kupunguza saa moja. Yeye akiambiwa saa nane, saa nane alikuwa amesimama pale. Mhuri alijua tu kwamba amepata mwanaume anayejali, hakujiuliza zaidi.

*

Kisha Umoja ukatangaza kwamba unapanuka. Nchi ya Fundi ingeingia rasmi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kizuizi kingeondolewa, ushuru ungefutwa, na usiku wa Ijumaa hiyo saa zote za upande wa pili zingesogezwa mbele ili zilingane na za wenzao.

Mpakani kila mtu alilipokea jambo hilo kulingana na lilivyogusa riziki yake. Wapagazi walinuna, maana bila foleni hakuna mizigo ya kushusha. Wauza chai walianza kutafuta vibanda mjini. Shangazi yake Mhuri, ambaye Mhuri aliishi naye, alikuwa na duka la kupiga picha za pasipoti mkabala na ofisi ya forodha, na kwa wiki nzima alikaa mlangoni ameshika tama.

"Miaka ishirini nimewapiga watu picha za uso mkavu," alisema. "Usicheke, usionyeshe meno, tazama mbele. Sasa nani atataka?"

"Wapige wakicheka, shangazi."

"Watanilipa?"

"Watu wa huku na watu wa kule wataoana sasa, hutapumua."

Shangazi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unaongea habari za watu au zako?"

Upande wa pili nao walikuwa na yao. Wazee walilalamika kwamba Umoja unawaibia saa moja ya usingizi na hakuna aliyewauliza. Vijana walishaanza kuongea kwa lafudhi ya upande huu, kwa kuringa. Fundi alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alifurahi kwa sababu hoteli mbili zilishamwagiza vitanda. Aliogopa kwa sababu viwanda vikubwa vya Umoja vilikuwa vinaleta vitanda vya mbao za kubandika, rahisi, vyenye kung'aa. Na juu ya hayo, alikuwa ametumiwa fomu mpya za ubora zenye kurasa kumi na moja, zinamwuliza unyevu wa mbao na umbali kati ya skrubu na skrubu.

"Mimi situmii skrubu," alimlalamikia Mhuri kwenye simu. "Natumia ndimi za mbao, ubao unaingia kwenye tundu la mwenzake. Niandike nini?"

"Niletee, nitakuonyesha. Kuna kisanduku chake."

"Wewe unakielewa hicho kitu?"

"Mpenzi, mimi fomu naisoma kama wewe unavyosoma mbao."

Lakini Mhuri mwenyewe alikuwa na fomu iliyomshinda. Dirisha namba tatu lingefungwa, na mkuu wa kituo alikuwa amempa karatasi ya uhamisho kwenda mji wa bandari, siku mbili kwa basi. Alitakiwa aisaini na kuirudisha kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Asiposaini, kazi hana.

Ijumaa mchana Fundi alimpigia simu. Sauti yake haikuwa na utani.

"Mhuri wangu, nisikilize. Nimekwisha kumwambia mama habari zako. Anataka kukuona kesho, anapika. Nitakusubiri chini ya kizuizi, twende nyumbani pamoja. Ukija, nitajua umenikubali na hilo jambo la bandari tutalitatua wawili. Usipokuja nitajua jibu lako, na sitakusumbua. Naapa sitakusumbua."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Zetu au zenu?"

Akamsikia akicheka. "Kesho hakuna zetu wala zenu, laazizi. Zitakuwa moja."

*

Jumamosi Mhuri alioga mara mbili. Alivaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, viatu vyeupe vya kisigino kifupi, na kucha akazifuta zambarau, kisha akabadili mawazo akazipaka tena zambarau. Shangazi alimfungia mkufu shingoni bila kumtania hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya aone uzito wa siku ile.

Alifika chini ya kizuizi saa nne kasoro dakika tano. Watu walikuwa wengi, wanavuka huku na huku bila sababu, kwa kuonja tu uhuru wa kuvuka. Mama mmoja alivuka mara tatu na kikapu kitupu. Fundi hakuwepo.

Saa nne ikafika, ikapita. Alimpigia simu, akasikia mlio wa kukatika. Laini zote za upande wa pili zilikuwa zinahamishiwa kwenye mtandao wa Umoja, na mtandao ulikuwa umelemewa. Saa nne na nusu. Saa tano. Jua lilimpiga usoni, viatu vikaanza kumbana. Kila pikapu ya bluu iliyotokea ilimpandisha roho na kumshusha. Saa tano na nusu alivua viatu, akarudi kwa shangazi yake miguu mitupu.

Saa tisa simu ikaita.

"Haya, nimeelewa," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Nimepiga kukuambia sina kinyongo."

"Huna kinyongo? Wewe ndiye usiwe na kinyongo?"

"Nimekungoja karibu saa nzima, Mhuri."

"Umeningojea wapi?"

"Chini ya kizuizi. Kuanzia saa nne mpaka saa tano kasoro dakika kumi. Nimetazama saa mpaka nimeona aibu. Watu wanavuka wananicheka."

Mhuri alikaa kitandani. "Fundi, usinifanye mtoto. Nilikuwa chini ya kizuizi saa nne kasoro tano. Nimesimama pale mpaka saa tano na nusu. Hukuwepo."

"Nilikuwepo."

"Hukuwepo."

"Kama hukutaka kuja ungesema tu," Fundi alisema. "Kwa nini unidanganye? Mimi nilikupa nafasi ya kukataa bila maneno mengi."

"Na wewe kama umemwogopa mama yako ungesema tu. Nimesimama juani saa nzima na nusu na gauni langu, halafu unaniita mwongo?"

"Mmoja wetu ni mwongo, na mimi najijua."

Mhuri akakata simu. Alilia, na hakuona haya kulia, kwa sababu alikuwa amempenda mtu yule kupita kiasi na alikuwa na hakika amechezewa. Hakukuwa na njia nyingine ya kulielewa jambo lile. Mahali ni pale pale, wakati ni ule ule, na kizuizi chenyewe hakiwezi kumficha mtu. Jumapili simu haikuita, naye hakupiga.

*

Jumatatu asubuhi mafundi wa serikali walikuja na misumeno kukikata kizuizi. Ofisini hakukuwa na foleni hata ya mtu mmoja. Mhuri aliketi nyuma ya dirisha namba tatu kwa mazoea, mbele yake karatasi ya uhamisho imejazwa yote, imebaki saini. Kalamu ilikuwa mkononi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

Kivuli kikaanguka kwenye kibao cha dirisha. Alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, amevaa blauzi nyeupe iliyotiwa wanga na sketi ya bluu ya marinda, na kifuani alikuwa na beji ya shirika la reli iliyosuguliwa ikang'aa.

"Wewe ndiye Mhuri?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Fundi. Nimevuka leo bila kibali, kama ninavyoingia jikoni kwangu, na sikuona raha yoyote." Akaweka mkoba wake juu ya kibao. "Jumamosi nilipika, chakula kikapoa. Nimekuja kuuliza kwa nini."

Fundi alishamsimulia Mhuri habari za mama huyu: miaka thelathini alikuwa msimamizi wa stesheni, akipuliza kipyenga cha kuondoa treni, na mtaani kwao walimwita Mama Stesheni kwa sababu hata nyumbani watu walikula kwa kipyenga.

"Mama, nilikuja. Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa pale nje. Yeye ndiye hakuja."

"Mwanangu aliondoka nyumbani mapema, nimemwona kwa macho yangu. Na mwanangu hasemi uongo." Mama akamkazia macho. "Wewe nawe huna uso wa uongo. Nimekutana na waongo wengi, kila mmoja akidai treni imemwacha kwa makosa yangu, nawajua. Kwa hiyo kuna kitu kimekosea, na mimi kitu kikikosea silali."

Akafungua mkoba, akatoa saa kubwa ya kamba ya ngozi, akaiweka mbele ya Mhuri.

"Aliporudi Jumamosi aliivua hii akaitupa kwenye droo, hataki kuiona. Mtaani kwetu siku ile kila saa ilikuwa na maoni yake. Huyu kasogeza mbele, yule kasahau, mwingine kairudisha nyuma, hakuna aliyejua ukweli. Isipokuwa nyumbani kwangu. Ijumaa baada ya kula nilizisogeza saa zote kwa mkono wangu. Ya sebuleni, ya jikoni, ya jirani, na hii ilikuwa kando ya sabuni, ameivua ananawa vanishi. Jana naichukua kwenye droo, naiona iko saa nzima mbele kuliko ya ukutani. Nimeipeleka leo asubuhi kwa fundi saa, anasema haiumwi. Sasa niambie, mmeifanya nini saa ya mwanangu?"

Mhuri aliishika. Ilikuwa inatembea vizuri, na ilisema saa tano na dakika ishirini. Ya ukutani ilisema saa nne na ishirini.

"Mama, ulipoisogeza Ijumaa, ilikuwa inasema saa ngapi?"

"Sikuitazama. Niitazame ya nini? Saa zote za nyumba ile nazisimamia mimi. Nilishika mshale mrefu, nikauzungusha duara moja kamili, kama tulivyofanya stesheni. Duara moja, saa moja."

Mhuri alimkumbuka kijana mwenye maranda kichwani, wa kwanza kwenye foleni, anagusa kifundo cha mkono wake. *Nimeshahamia.* Naye alikuwa ameinamia fomu, anahesabu miguu ya vitanda.

Haukuwa utani. Siku ile ile ya kwanza Fundi alikuwa ameisogeza saa yake mbele, akaiacha hapo. Miezi kumi na minne alikuwa amekula, amefanya kazi na amelala upande wa pili huku mkononi akiishi saa za dirisha namba tatu, bila kumwambia mtu, maana watu wangemcheka. Ndiyo maana hakuchelewa hata mara moja. Na Ijumaa, nchi nzima ilipomfuata pale alipokuwa ameshafika, mama yake akamsogeza tena.

"Alikuja saa tatu," Mhuri alisema. "Mama, alikuja saa tatu. Saa ilimwambia ni saa nne. Alipoondoka ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Mimi nilifika kasoro tano."

"Saa tatu kwa nini?"

"Kwa sababu saa hii ilikuwa imeshasogezwa. Aliisogeza yeye, tangu siku aliyonikuta nafunga dirisha."

Mama Stesheni aliichukua saa, akaitazama, akamtazama Mhuri, akaitazama tena. Kisha akatafuta benchi la wateja kwa mkono, akakaa. Nje, msumeno ulikuwa umefika katikati ya kizuizi.

"Miaka thelathini sikuchelewesha treni hata moja," alisema mwishowe. "Nimekuja kuchelewesha ndoa ya mwanangu."

Mhuri alitoka nyuma ya dirisha, akakaa karibu naye, akamshika mkono. Wote wawili walikuwa wakitabasamu huku machozi yanawatoka, na mkuu wa kituo alipotokea ofisini kwake akawakuta hivyo.

"Mhuri, ile karatasi vipi? Umesaini?"

"Hapana, mkuu. Sisaini."

"Utakula nini, mwanangu? Umoja umefuta fomu."

"Umefuta tatu, umeleta ya kurasa kumi na moja. Mafundi wote wa upande wa pili wanayo mezani na hakuna anayeielewa. Nitaweka meza yangu kwenye duka la shangazi, niwajazie." Akaiacha karatasi ya uhamisho juu ya kibao, bila saini, na mhuri juu yake ili upepo usiipeperushe.

*

Walivuka kwa miguu, Mama Stesheni mbele kwa hatua zake za stesheni, Mhuri nyuma na sare yake ya samawati. Shangazi aliwaona kutoka mlangoni mwa duka, akatoka na kamera shingoni, akataka kuuliza, akaona sura ya Mhuri na hakuuliza.

Karakana, iliyoshikana na nyumba, ilinukia vanishi na mninga. Fundi alikuwa amewapa mgongo, anapiga randa kwa hasira za pole pole, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Kwenye kona, mbali na vitanda vya hoteli, palikuwa na kitanda kimoja cha mbao nyekundu kilichofunikwa shuka la zamani.

"Fundi, saa ngapi?" Mhuri aliuliza kutoka mlangoni.

Randa likasimama. Fundi alitazama mkono wake mtupu bila kugeuka. "Sina saa."

"Ninayo mimi."

Akageuka. Mhuri alikuwa ameinyoosha ile saa mbele yake, na nyuma ya bega lake Mama Stesheni alikuwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona maishani mwake.

"Kwa nini hukuniambia?" Mhuri aliuliza. "Siku zote hizo unaishi saa zangu, na hukuniambia."

"Nilikuambia. Siku ya pili."

"Nikadhani unanitania."

"Halafu nikaona haya kurudia." Akafuta mikono kwenye suruali, hajui aiweke wapi. "Nilitaka nikitazama saa nijue unafanya nini. Saa hii anafungua dirisha. Saa hii anakunywa chai. Mtu mzima na akili zangu."

"Mama aliisogeza Ijumaa."

Fundi alimtazama mama yake, kisha saa, na Mhuri aliona hesabu ikipita usoni pake mpaka ikafika mwisho. Akafunika macho kwa kiganja. "Nilikuita mwongo."

"Na mimi niliamini umenichezea. Nililia mpaka shangazi akafunga duka."

"Nisamehe, Mhuri. Nilikuja saa tatu nikakuhukumu kwa saa nne."

"Nimekusamehe tangu dirishani. Nisamehe na mimi." Akamsogelea, akamtoa maranda kwenye nywele moja moja. "Nakupenda. Nilikuja Jumamosi kukuambia hivyo, na niliwahi kwa dakika tano. Hizo siku mbili nyingine muulize mama yako."

Kutoka mlangoni kikasikika kikohozi cha mama.

Mhuri alishika kinundu cha pembeni mwa saa, akauzungusha mshale mrefu kinyumenyume, duara moja kamili, kisha akaifunga mkononi mwa Fundi mwenyewe. Fundi aliushika mkono wake kabla haujaondoka.

"Cha saba kimekwisha," alisema, akionyesha kwenye kona. "Kimebaki vanishi tu. Nilikuwa nimeanza kufikiria kukiuza hotelini."

"Hakiuzwi hicho."

"Kwa hiyo unanikubali? Sema nisikie. Sitaki tena majibu ya kusimama na kungoja."

"Nakukubali. Niolewe na wewe, nikae huku na kule, nikujazie zile kurasa kumi na moja. Lakini sitakula kwa kipyenga."

"Hilo mwambie mwenyewe."

Wote wawili wakamgeukia Mama Stesheni. Alikuwa ameshapanguza macho, ameshanyoosha marinda ya sketi, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa kuelekea jikoni.

"Nakwenda kupasha chakula," alisema. "Tutakula saa sita kamili."

Akasimama kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamtazama mkwewe na kumwuliza sasa hivi ni saa ngapi.